Kitulizo Kilichomhamishia Mama Garini

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na wote mnaofanya kazi chumba kimoja, na kwamba wale kati yenu wenye magari yanayotikisika bado hawajayatengeneza.

Mimi ni msomaji wenu wa pembeni. Msomaji wenu hasa ni Baba, mpima ardhi mstaafu, ambaye hununua gazeti lenu la magari kila mwezi, hulisoma kuanzia jalada hadi anwani ya mpiga chapa, na hupiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila sentensi anayoikubali. Akimaliza, nalisoma mimi, kwa sababu kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu vya shule na siwezi kukaa karibu na karatasi iliyoandikwa nisiisome. Sina leseni ya udereva. Nalitaja hili mapema ili msije mkalitumia dhidi yangu baadaye.

Lalamiko langu linahusu ukurasa wenu wa "Gereji ya Wasomaji," toleo la mwezi wa tatu. Humo mwandishi wenu anayejiita Daktari wa Magari alimjibu msomaji mmoja aliyeuliza kama afunge, au asifunge, kifaa cha kuzuia usukani kutikisika kwenye gari lake la zamani la porini. Msomaji yule alikuwa Baba. Alikuwa ameandika kurasa mbili na kuchora mchoro. Jibu la Daktari wenu lilikuwa hili, nalinakili lote: "Usihangaike, mzee. Funga kitulizo cha usukani. Ni kazi ya nusu saa. Utaendesha kwa kidole kimoja."

Kwa sentensi hizo nne, Ndugu Mhariri, mama yangu amehama nyumba. Hakwenda mbali. Yumo ndani ya gari hilo hilo, hapa uani, kwenye kiti cha dereva, leo siku ya kumi na moja.

Nianze na gari, maana bila gari hutanielewa. Ni la kijani, au lilikuwa la kijani. Lina milango miwili, turubai nyuma, na taa za mbele zilizokaa kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Linanizidi umri kwa miaka kumi na minne. Ofisi ya Baba ililitumia kupimia mashamba hadi ilipolichoka ikalipiga mnada, na Baba akalinunua mwezi mmoja kabla ya kumwoa Mama. Halina kasoro isipokuwa moja: likifika kilomita hamsini na tano kwa saa, usukani huanza kurukaruka kushoto na kulia kama kuku anayetaka kuponyoka mikononi. Likivuka sitini na tano hutulia. Lakini kulivusha sitini na tano kunahitaji mteremko, upepo wa nyuma na subira.

Kwa hiyo tangu nipate akili nimekaa kiti cha nyuma nikitazama jambo lile lile. Mshale ukigusa hamsini na tano, Mama husema, "Linatikisika." Baba hujibu, "Litatulia." Kisha Mama hunyoosha mkono wake wa kulia akaushika usukani, na mikono mitatu inashuka nao mteremko wote hadi darajani. Sijawahi kuwaona wazazi wangu wameshikana mikono mahali pengine popote. Si sebuleni, si kwenye harusi za watu, si hospitalini siku Baba alipotolewa kidole tumbo. Kwangu maneno yale mawili yalikuwa kama salamu na kiitikio chake. Nimekua nikiamini hivyo ndivyo watu wanavyopendana: mmoja anasema linatikisika, mwingine anasema litatulia, halafu wote wanashika.

Sasa nayataja malalamiko yangu kwa namba, ili mkinijibu msichanganye.

1. Daktari wenu amekosea kiufundi. Fundi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Grisi, anasema usukani hautikisiki kwa kupenda. Unatikisika kwa sababu chini kuna kitu kimelika: mpira wa kiungo fulani umekwisha, au chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele kimelegea, au gurudumu lenyewe halikusawazishwa. Ukifunga hicho kifaa kabla ya kukagua hayo yote, hutakuwa umetibu kitu. "Ni kama kumziba mtoto mdomo kwa leso," alisema Mzee Grisi, "halafu useme homa imeshuka." Nimelitafakari neno hilo kazini, njiani na bafuni. Nimejiuliza ni mambo mangapi katika maisha yetu yametulia kwa sababu yamepona, na mangapi kwa sababu yamezibwa mdomo. Daktari wenu hakujiuliza. Yeye ana nusu saa tu.

2. Daktari wenu amekosea kilugha, na hili ndilo lililoleta balaa.

Mafundi wote wana jina la kifaa hiki. Wanakiita shokapu ya stelingi. Si jina zuri, lakini hakuna mke wa mtu aliyewahi kununa kwa kulisikia. Daktari wenu, sijui kwa kutamani usanifu, akaliacha jina la watu akabuni "kitulizo."

Jumatatu iliyofuata Baba alisimama barazani akizungumza na muuza vipuri kwa simu. Baba akishika simu hupaza sauti kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Mama alikuwa sebuleni kwenye cherehani, dirisha wazi, anashona kola ya sare ya shule. Alichosikia nimekihakiki kwa Baba mwenyewe, neno kwa neno: "Ndiyo, kitulizo. Nataka kipya, kisichoguswa na mtu. Hapana, mke wangu hajui, nataka Alhamisi ashtukie tu kimeshafika. Ndugu yangu, miaka ishirini na saba natikiswa. Na mimi nataka kutulia."

Cherehani ikasimama katikati ya kola.

Niliporudi kazini jioni nilimkuta Mama chumbani na Mama mdogo, yaani mdogo wake, muuza vitambaa ambaye habari ikimfikia haijapata kulala kwake hata siku moja. Waliponisimulia nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa hatimaye hapa palikuwa na tatizo ninalolijua. Niliwaeleza kwamba Baba alisema kipya, kisichoguswa. Huo ni upatanisho wa ki-. Angekuwa anamzungumzia mtu angesema mpya, asiyeguswa. Kwa hiyo kitulizo ni kitu, si mwanamke, na tungeweza kwenda kupika.

Mama mdogo akaniuliza kama huko chuoni nilifundishwa neno kimwana. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kipusa. Akaniuliza kidosho, kisura, kichuna. Akataka nimweleze, mimi msomi, kwa nini kila anayevunja nyumba za watu jina lake linaanza na ki-. Nikajibu kwamba hayo ni majina tu, upatanisho wake unabaki wa binadamu: tunasema kidosho amefika, hatusemi kimefika.

"Huyo ni kidosho wa heshima," akasema Mama mdogo. "Kile kisichana cha pale kona kikipita, huwa unasemaje? Si unasema kimepita?"

Jibu la swali hilo nimelipata juzi. Siku ile Mama aliona sina.

3. Kitulizo kilifika Alhamisi. Mama alikuwa amefagia tangu asubuhi, amebadilisha mapazia, amevaa gauni lake la bluu, na amepanga viti vitano sebuleni ingawa sisi tulikuwa wanne. Alisema mgeni ni mgeni, hata akija kuvunja. Mama mdogo alikaa karibu na mlango kama mkaguzi wa tiketi. Baba akaingia amekumbatia boksi refu jembamba. Akaviona viti, akaona gauni, akafurahi sana, akidhani kuna mtu alikuwa ameshatuambia. Akalifungua boksi kwa kisu cha mkate na kukitoa.

Kilikuwa bomba la chuma la rangi ya manjano, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, lenye pete ya mpira kila upande. Kwa mtu asiyejua kinafanana na pampu ya baiskeli. Baba akakiweka juu ya kiti cha tano.

Mama mdogo alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mimi nilicheka kwa sababu za kisarufi. Mama hakucheka. Akauliza kazi yake nini. Na Baba, ambaye kwa kweli alikuwa amekinunua kwa nia njema, akajibu kwa furaha yote aliyokuwa nayo: "Hiki kinashika usukani. Kuanzia leo hutahitaji kushika tena."

Mama akakigusa kwa ncha ya kidole. Akasema, "Afadhali angekuwa mwanamke."

Akavua miwani yake ya kushonea, akatoka na gauni lake la bluu, akapanda garini kwa mlango wa dereva, akabonyeza kitasa cha ndani.

4. Lalamiko la nne nimeliondoa. Lilinihusu mwenyewe.

5. Nyumba yetu sasa haiendeshwi kama nyumba. Jioni Mama huingia ndani, akala, akalala kama watu wote, sitaki kutia chumvi. Lakini saa kumi na mbili asubuhi yumo kwenye kiti cha dereva. Amehamishia ile cherehani ndogo ya mkono kwenye kiti cha abiria. Wateja wanapimwa kupitia dirishani. Mwanamke mmoja mnene ilibidi azunguke gari zima na futi ya kitambaa kiunoni ili vipimo vikamilike. Wameanza kusema huko kuna hewa nzuri kuliko sebuleni. Nyuzi ameziweka pale penye kibia cha majivu, na vifungo kwenye kisanduku cha dashibodi. Hasemi na Baba. Baba akimsemesha kupitia kioo cha mbele, Mama huwasha vifuta mvua.

Mzee Grisi alikuja mara mbili kukifunga kitulizo. Mara ya kwanza aliingia chini ya gari na spana zake, Mama akapiga honi, fundi akainuka ghafla na kujigonga kichwa. Mara ya pili hakufika hata chini. Alisimama kando ya mlango, wakazungumza kama dakika kumi, Mama akishona. Alipotoka pale alipanguza mikono ambayo haikuwa imeshika kitu akamwambia Baba kwamba hii haina spana.

Naye Baba anashinda barazani, lile bomba la manjano magotini, akipitia matoleo yenu ya miaka sita kutafuta msomaji mwenye tatizo kama lake. Mpaka sasa amepata wawili wenye rejeta zinazovuja.

6. Baada ya siku chache za kutafakari nimeelewa, na nasikitika kwamba katika nyumba hii na katika ofisi yenu ni mimi peke yangu niliyeelewa. Mama hajali chuma. Mama ameondolewa mkono. Miaka ishirini na saba gari lile lilimpa sababu ya kuushika usukani pamoja na mume wake, mteremko kwa mteremko, na mwanamke wa heshima hawezi kushika bila sababu. Daktari wenu amempa Baba kidole kimoja na kumnyang'anya Mama mkono mzima. Ndiyo maana alisema afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke huchoka. Mwanamke huzeeka, huugua, hurudi kwao. Bomba halirudi kwao.

Kwa hiyo jibu la swali la Baba, afunge au asifunge, lilipaswa kuwa hili: asifunge kamwe, wala asikague mipira, wala asisawazishe magurudumu, na akiona nati imelegea aishukuru.

7. Nimeanza kulitumia fundisho hili maishani mwangu, na limeniletea hasara ambayo pia naiweka mlangoni kwenu. Nina mchumba. Ni mpima macho, mtu mpole, mwenye gari jipya lisilotikisika hata kidogo. Analiendesha kwa mkono mmoja na mwingine ameuegesha dirishani. Miezi minane nimekaa pembeni yake sina cha kushika. Jumapili iliyopita, tulipofika kilomita sitini kwa saa, niliamua kutongoja kasoro. Nikanyoosha mkono nikaushika usukani wake.

Tulisimama katikati ya uwanja wa mpira. Hakuna aliyeumia, isipokuwa goli moja, ambalo halikuwa na wavu. Aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia sijaona kitu, nilikuwa napenda. Tangu siku hiyo anakuja kwetu kwa miguu, anasalimia, anamchungulia Mama garini, ananichungulia mimi, anaondoka. Nimemwandikia kwamba uchumba wetu unasubiri majibu ya gazeti lenu.

8. Wala msifikiri naongelea nyumba moja. Tazameni magari ya sasa. Usukani mwepesi kama karatasi, kiti cha abiria kimesogezwa mbali, katikati wameweka mahali pa kuegesha kikombe. Barabara zinanyooshwa kila mwaka, mashimo yanazibwa, na hakuna anayeuliza yale mashimo yalikuwa yameshikilia nini. Halafu watu wanashangaa kwa nini waume na wake wanasafiri kilomita mia tatu kila mtu anatazama dirisha lake. Sina takwimu. Nina kiti cha nyuma, na nimekikalia miaka ishirini na sita.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, mambo yafuatayo. Kwanza, mchapishe masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule: popote palipoandikwa "kitulizo" pasomeke "shokapu ya stelingi," na wake wote waliosikia vibaya waombwe radhi. Kama mnalitaka neno la kisanifu, nimeambatisha mapendekezo kumi na manne, yote nimehakikisha hayafanani na mtu. Pili, Daktari wa Magari aje mwenyewe akae kiti cha kushoto, tumshushe mteremko kwa kilomita hamsini na nane, mkono wake ukiwa kwenye usukani juu ya mkono wa Baba, halafu aandike tena kuhusu kidole kimoja. Tatu, gazeti lenu lianzishe kampeni ili msajili wa ndoa asimwandikishe mtu yeyote kabla hajapita na mwenzake kwenye gari bovu lililothibitishwa kuwa bovu, na watengenezaji wa magari walazimishwe kulegeza angalau nati moja kabla gari halijatoka kiwandani. Nne, wizara inayohusika isimamishe kazi ya kusawazisha barabara mpaka Mama ashuke.

Najua ombi la nne ni gumu. Ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Nisalimie wapanga herufi, mhasibu, dada wa mapokezi ambaye nilimpigia simu mara tatu akaniambia niandike barua, dereva wenu wa kusambaza magazeti, na yule mwenzangu anayesoma prufu za "Gereji ya Wasomaji," ambaye simlaumu, maana neno lilikuwa limeandikwa sawasawa. Msalimie pia mke wa Daktari wa Magari, kama wanaongea.

Ni mimi niliyeishika kalamu hii kwa mikono miwili,

Binti wa Mwenye Gari la Kijani

Tanbihi. Ndugu Mhariri, nilikuwa naiandika barua hii nimekaa kwenye ngazi ya gari, kwa sababu ndani Baba amejaza matoleo yenu kila meza. Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, Mama alitoa mkono dirishani akaichukua barua. Ameisoma yote, pini zikiwa mdomoni. Alipofika namba sita alizitoa pini.

Aliniuliza ni nani aliyeniambia mambo hayo. Nikasema hakuna, nimeyaona mwenyewe. Akaniambia, na naandika kama alivyosema: "Mwanangu, mimi nilikuwa naogopa kufa. Wewe ulikuwa nyuma, umekaa juu ya magunia, utajua nini? Nilishika ule usukani tusiingie mtoni."

Nikamwuliza sasa kwa nini alisema afadhali mwanamke. Akasema kwamba kama Baba angeleta mwanamke, yeye Mama angejua ni wazimu wa uzee, angemwachia Mungu. Lakini Baba ameleta kitu kile kile ambacho yeye Mama alikuwa anakiomba tangu mimi sijazaliwa. "Kila safari namwambia linatikisika. Kila safari. Ananijibu litatulia. Gazeti limemwambia mara moja, tena kwa mistari minne, kakimbilia simu."

Alipoyasema hayo niliona aibu hata kumtazama. Miaka yote ile nilidhani nasikia kiitikio.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka nane nayaondoa, kama nilivyoliondoa la nne. Nilitaka kuandika upya, lakini Mama amesema iende hivi hivi mwone mtoto wa watu alivyosoma akapotea. Kuhusu mchumba, amesema gari lisilotikisika ni gari zima, niache ujinga, niende nikamwombe radhi na goli tukalisimamishe. Pia amenieleza alichozungumza na Mzee Grisi ile mara ya pili. Alimpa orodha ya kila kitu kilicholika chini ya gari, kiungo kwa kiungo, kwa kuwa miaka ishirini na saba alikuwa anavisikia kwa kiganja. Mzee Grisi aliinakili yote. Vipuri vimeshafika, vinalisubiri gari gereji, kitulizo kitafungwa mwisho, baada ya hivyo. Leseni ya udereva Mama anayo. Imo kwenye kopo la sindano tangu kabla hajaolewa, na katika nyumba hii yenye mtu wa kupima na mtu wa kusahihisha hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kilichobaki ni Baba kuambiwa. Nimejitolea kumwambia, Mama amekataa. Anasema Baba husikia kilichochapwa. Basi nakuomba jambo moja tu badala ya yale manne: kwenye toleo lijalo, ukurasa wa "Gereji ya Wasomaji," utupe nafasi ya maneno haya, wala usiyahariri.

Kwa mzee wa gari la kijani. Funga. Kwenda gereji naendesha mimi, wewe utakaa kushoto. Likifika hamsini na tano nitakuambia linatikisika. Usinijibu kitu. Mkeo.